Kiberiti cha Mchombe

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, huko uliko. Leo nimecheka peke yangu ofisini hapa Kibaoni mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Nikaona nikuandikie, maana aliyeniokoa ni wewe.

Unakumbuka ule mwaka tulipohamia kibanda cha shambani Mchombe kuwinga ndege wa mpunga, ukaniachia mimi kufunga mizigo? Sufuria, unga, chumvi, panga, vyote vipo. Kiberiti hakuna! Mvua inanyesha, jirani yuko ng'ambo ya maji, tukashindia mihogo mibichi. Hukunigombeza. Ila tangu hapo, kila msimu ulitandika mkeka, ukapanga vitu, ukaniuliza: "Haya, tumefika. Tunaanza na nini?" Nikisema uji, "Uji unataka nini?" Sufuria. "Na sufuria?" Moto. "Na moto?" Ulinichosha, Shangazi!

Sasa sikia. Mradi wa mbegu umenipa kompyuta ndogo isiyo na diski yake, ya kulinda joto la kikaushio cha mbegu. Joto likizidi, mbegu inakufa na wakulima wanapanda makapi. Inatumia mfumo uitwao Linux. Ikiwashwa, inapakia kwenye kumbukumbu yake kifurushi cha faili za kuanzia, na kifurushi chenyewe lazima kienee kwenye flopi moja, kile kisahani cha zamani cha kubebea faili. Siku tisa nimekifunga na kukifungua. Mashine inakipokea vizuri, kisha inagoma: eti haioni programu ya kwanza. Na programu ipo, naiona kwa macho yangu! Bosi akasema isipowaka leo kabla ya saa sita mchana, yenyewe inarudi Dar na mimi narudi nyumbani. Nilishaanza kukusanya vitu vyangu, nalia, sikufichi.

Ndipo nikakusikia. "Haya, tumefika." Nikachukua karatasi. Programu ya kwanza inataka nini? Inaegemea faili jingine, nalo lipo. Ili ziungane zinataka nini? Kuna kifaili kidogo cha kuziunganisha. Nikakitafuta kifurushini. Hakimo! Nimebeba sufuria na unga, kiberiti nimekiacha nyumbani. Tena!

Nikakiweka, nikawasha. Mistari ikashuka kwenye kioo, ikafika mwisho, mashine ikatulia kungoja amri. Ilikuwa saa tano na robo. Nikaiamuru ioneshe joto la kikaushio; bosi akalisoma, akasema tu, "Kesho uwahi."

Kwa ile mihogo sikuwahi kukuomba radhi mpaka ukaondoka duniani, na imenikaa moyoni miaka yote. Nisamehe, Shangazi. Pumzika sasa, uji umeiva.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
mfunga mizigo wako.