Wambui, Kelele Yake Imeonekana

Wambui mama, mwanangu,

Spika zimeshushwa. Nimeanza na hiyo ndio upumzike. Baa ya Baba Shiko hapa chini yetu Uthiru ilinyamaza Jumamosi saa ya mpira, nikakaa kwa kiti chako nikasikia hata maji yakichemka.

Ulishuka kumwomba apunguze muziki, moyo ukiwa mgonjwa hivyo, ukishikilia ukuta. Akakujibu mbele ya walevi wake, "Kelele yangu inaishia hapa chini, msichana. Kama inafika kwenu, nionyeshe." Wakacheka. Ukarudi ukaniitisha sufuria kubwa na ile nailoni ninayofunikia wateja pale saluni Kenyatta Market. Ukaivuta juu ya sufuria ikakaza kama ngoma, ukanyunyiza chumvi, ukaiweka sakafuni. Chumvi ikaruka, halafu ikajipanga, miduara ndani ya miduara. Ukaniambia sauti ni mtetemeko. Pale nailoni inatetemeka chumvi inafukuzwa, pale imetulia ndipo inakaa. Niliachia shule darasa la nne, lakini hiyo niliielewa. Ilikuwa kama mistari ya kichwa kabla nisuke.

Ukasema utamwita aje aone. Hukuwahi, kifo kilikutangulia.

Daktari alisema ni moyo. Sawa. Lakini moyo huo ulinyimwa usingizi, na aliyeunyima namjua. Hata matanga yako hakuyazimia muziki. Alituma kreti ya soda.

Basi nikaenda kwa chifu, akaja hapa kwetu na watu wa kanjo, wale askari wa kaunti, na Baba Shiko mwenyewe. Wakasema wanasikia kidogo tu, mji ni kelele. Nikaweka sufuria. Chumvi ikalala tu, imeshikana. Baba Shiko akaniuliza napika nini, kama wangoje sahani. Nilitaka ardhi inimeze. Ndio nikakumbuka wewe ulikuwa unaikaanga kwanza, na huu ni msimu wa mvua, chumvi inashika unyevu. Nikawasihi wangoje. Nikaikaanga mpaka ikawa kama mchanga.

Ikaruka, Wambui. Ikapanga miduara yako mbele yao. Chifu akaagiza muziki uzimwe, ikatulia. Uwashwe, ikaamka. Ndipo akaamuru spika zishushwe. Baba Shiko hakuwa anaangalia sufuria tena, alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilifurahi. Mungu anaona, nilifurahi sana.

Mchungaji ananiambia nisamehe. Juzi Baba Shiko alikuja na mkewe, wamebeba maziwa na mkate, eti tuongee kama majirani. Sikufungua. Niliwaacha wabishe mpaka wakachoka.

Nasikia anatafuta mahali afungue baa nyingine, mtaa wa Jamhuri, katikati ya watu wenye watoto. Nitafika kabla ya spika zake. Nitapita mlango kwa mlango nikiwafundisha akina mama kukaanga chumvi. Hiyo nakuahidi.

Lala sasa, mama. Siku nikimsamehe nitakuambia. Usiingojee.

Mamako.