Kompyuta Tano kwa Jina Langu

Jumatatu, 8 Machi 2004
Jenereta limewaka saa mbili. Nimewasha kompyuta zote tano na kuzifungua kwa jina langu na neno langu la siri, kama kila siku, wenzangu wakifika wakute tayari. Kuukuu zile, kila moja huchukua robo saa kuwaka. Kiuno kinauma.

Jumanne, 9 Machi
Ratiba ya doria imevuja. Boti yetu ya hifadhi ya bahari imefika kisiwa cha Shungimbili, wenye juya, ule wavu uliopigwa marufuku, wameshaondoka. Ratiba iko kwenye diski ya kompyuta ya Mkuu. Diski tunaiona sote kupitia waya, lakini folda ile ni yake na yangu tu, karani wake. Kumbukumbu za mashine zinasema Mwanaidi, yaani mimi, kaifungua Ijumaa saa nane mchana. Asubuhi nilizifungua kompyuta kama kawaida, lakini saa nane nilikuwa kisiwani Jibondo, mazikoni kwa shangazi. Mkuu anasema kompyuta haisemi uongo. Halafu: "Bi Mwanaidi, wewe si mtu wa Jibondo?" Ana maana wenye juya ni ndugu zangu. Nimechoka hata kulia.

Alhamisi, 11 Machi
Barua. Nijieleze kufikia Jumatatu, la sivyo kazi basi. Miaka sita. Yusta wa kitengo cha mwani ndiye pekee anayenisemesha. Kaniletea chapati.

Ijumaa, 12 Machi
Kompyuta yangu wameifungia kabatini. Za wengine bado nazifungua mimi asubuhi, hakuna aliyeona ajabu. Nimekaa kwenye ya Yusta kuchapa maelezo. Nikabonyeza folda ya doria bila kufikiri. Ikafunguka. Haikuuliza jina wala neno la siri. Ya mhasibu vilevile. Mjinga mimi. Mashine ya Mkuu inamtambua aliyefungua asubuhi, aliyekaa kitini haimjui.

Nikamwita Mkuu aone. Kaona. Kisha tukasoma safu ya pili ya kumbukumbu, jina la kompyuta, ambayo hakuna aliyejali kuisoma. Ijumaa ile, saa nane: kompyuta ya mwani.

Jumatatu, 15 Machi
Yusta amekiri. Mchumba wake anavua kwa juya. Alijua jina langu limetajwa, akanyamaza wiki nzima. Nina hasira naye, na ninamhurumia, na hilo linanichosha zaidi.

Mkuu kaniomba radhi mbele ya wote. Barua ya Yusta ya kuachishwa kazi nimeichapa mimi, karani ni mimi. Nimempa mkononi. "Shoga, nisamehe," kasema. Mchana nimekula peke yangu.