Tezi za Ng'ombe wa Harusi

Jumamosi usiku

Mafuta, eti! Ng'ombe mbavu zinahesabika, mafuta ya shingoni kayatoa wapi?

Leo mimi na Mjomba tulitoka mtaani kwetu Agincourt, huku ughaibuni, mpaka shambani, nje ya mji, kuchagua ng'ombe wa pilau ya harusi ya dada. Nikampapasa mmoja shingo, nikakuta vinundu kama ndimu. Mwenye shamba akacheka haraka mno, "Mafuta tu hayo!" Mtu wa hivyo simwamini.

Nikampigia binamu Rehema, anayepima damu ya mifugo maabarani.

"Huenda ni tezi," akasema. "Virusi vya lukemia, saratani ya damu, huingia kwenye seli B, chembe nyeupe za kinga. Ng'ombe wengi hawaonyeshi dalili. Kwa wachache, seli hizo hugeuka saratani, seli T, walinzi wengine wa mwili, zikashindwa kuzizuia, tezi zikavimba. Apimwe kwanza."

Mjomba akanikejeli: "Profesa, si ulifeli sayansi wewe?" Akakubaliana na mzungu wake, yule mwenye shamba, ng'ombe achinjwe kesho.

Nilifeli, ndiyo. Vidole vyangu havikufanya mtihani. Lakini wageni wakinong'onezana juu ya ile nyama, aibu itambakia dada...

Ngoja. Namsikia Mjomba jikoni, anamwambia mama: "Dada, tupike kuku tu. Ila huyo mwanao asijue, atatutambia mpaka mwakani."