Wimbo Wako Umebaki Bila Maneno

Mwaka umetimia, Baba Melchior, tangu inanga yako, ala yako ya nyuzi, itundikwe ukutani hapa nyumbani Jabe, na bado hakuna aliyethubutu kuishusha.

Ulishinda bandarini ukibeba magunia ya saruji. Jioni ulioga, ukakaa uani na kuilaza inanga mapajani. Hukuwa na makuu. Mgeni akija ulimpa kiti chako, wewe ukakalia ndoo.

Ni Bwana Shen, mtunza ghala wa Zone Industrielle, kule viwandani, aliyekutia wazimu wa mashairi ya kale ya Uchina. Alikusomea kwa Kifaransa cha kuungaunga, nawe ukayageuza Kirundi ili yakae kwenye nyuzi. Theluji yao ikawa ukungu wa milima ya Bugarama, mto wao ukawa Rusizi. "Uyu mutu alikufa zamani sana," ulituambia juu ya mtunzi mmoja, "lakini anajua namna mi nasikiaka."

Mama yetu Spès alilalamika kwamba unanong'ona mno. Ukacheka: "Apana, Mama Joëlla. Inanga aipendake kelele." Ndivyo inavyopigwa tangu zamani: nyuzi hutangulia, sauti hufuata chini kwa chini.

Shairi la mwisho lilikuwa la mume aliyeondoka kwa mtumbwi asirudi, na neno alilomwachia mkewe. Mama aliuliza ni neno gani. Ukamwambia angoje wimbo ukamilike. Ukakamilika yeye akiwa sokoni. Uliurekodi peke yako, simu umeilaza juu ya ubao wa inanga ili nyuzi zisikike vizuri. Moyo wako ukasimama kabla Mama hajarudi.

Nyuzi zinasikika vizuri, Baba. Maneno hayasikiki. Tulimpigia Bwana Shen, ambaye amesharudi kwao. Akasema mashairi ya waume wasiorudi ni mengi mno, hajui ulichagua lipi. Hilo lilitukata maini upya.

Kila Jumapili akitoka kanisani Mama huisikiliza rekodi hiyo, simu sikioni, macho chini. Ikifika pale unapovuta pumzi, hutunyamazisha. "Ni pale ananiambia," husema.

Jumapili iliyopita hakutunyamazisha. Ilipofika pale, yeye mwenyewe alinong'ona kitu, taratibu, akifuata nyuzi zako mpaka mwisho. Hatukusikia alichosema, wala hatukumwuliza.

Unakumbukwa na mkeo Spès, wanao Joëlla na Landry, mdogo wako Darius, na wenzako wa bandarini. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.