Kibakuli Kimoja cha Sukari

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo, nikiamini kwamba wewe, shemeji na mtoto hamjambo kwa rehema za Mungu. Mimi mwili ni mzima, ila kichwa changu ndicho sikielewi. Umeniuliza tena mama anaendeleaje. Nitakujibu, lakini niache kwanza nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo kalamu itagoma.

Barua hii haitazunguka wiki tatu kwenye malori ya jirani yetu wa tatu, nchi inayopakana na zetu zote mbili, kama zile nyingine. Anakuletea dereva wa wajumbe wa kwenu, anayerudi kesho. Ndiyo, wajumbe wa kwenu wako hapa kwenye ukumbi wetu wa mikutano, na chai yao naipika mimi.

Tangu mpaka ufungwe, miezi saba sasa, wakubwa wa nchi zetu mbili hawajakaa chumba kimoja. Jirani wa tatu ndiye aliyewabembeleza. Aliwaambia wakinuniana wao, soko lake ndilo linalokosa unga. Basi mkuu wetu wa itifaki, ambaye sisi wa jikoni tunamwita Mizani, akatupa sharti moja: kila kitu kiwe pacha, asije mtu akasema amedharauliwa. Milango miwili, meza mbili za chai, vibakuli viwili vya sukari vya kufanana. Biskuti alizihesabu mwenyewe, nane kila sahani. Mpishi akamuuliza kama na mvuke wa mabirika tuupime. Akajibu bila kucheka kwamba ikiwezekana, ndiyo.

Siku mbili walikunywa chai wamepeana migongo. Mkuu wa ujumbe wa kwenu, mzee mfupi mwenye fimbo, hata salamu ya mkuu wetu hakuitikia. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa naandaa meza yao, kibakuli kikaniponyoka, kikavunjika. Kuweka chombo cha aina nyingine nisingethubutu, hiyo ingekuwa dharau yenyewe. Nikafunga vipande kwenye aproni, nikaendelea kupanga vikombe.

Mzee wa fimbo akaonja chai yake, akatafuta sukari, hakuna. Akasimama akitazama meza ya wenzake kama mtu anayepima kina cha mto. Mwishowe akavuka zulia, akamwomba mkuu wetu sukari. Wetu akamuuliza vijiko vingapi. Akasema vitatu, ila mkewe asijue, daktari amemkataza kabisa. Wetu akasema na yeye kakatazwa vilevile, akamtilia, akajitilia. Wakacheka, wakaanza kuulizana dawa wanazomeza. Mjumbe wa jirani wa tatu akavuta kiti akakaa kati yao, biskuti zikaliwa bila hesabu. Jioni wakatia sahihi. Mpaka unafunguliwa Jumatatu, na kamati ya nchi zote tatu itakutana kila mwezi, ili tusifike tena tulikofika.

Sasa Mizani anasifiwa kwamba kile kibakuli kimoja kilikuwa busara yake. Naye anazipokea sifa huku akinitupia jicho. Na mimi sijui nishukuru au nitubu. Kwa sababu, mdogo wangu, akili yangu haikuwa kwenye vyombo. Asubuhi ile nilikuwa nimemwomba Mungu wasikubaliane. Mimi huyu huyu, niliyefunga na kusali miezi yote ili mpaka ufunguliwe. Barua yako ya mwisho ilikuwa mfukoni mwangu, ile uliyosema ukifunguliwa tu unavuka na mtoto, mama ampakate.

Mama hayupo. Alitutoka mwezi wa pili tangu mpaka ufungwe, alfajiri, kwa utulivu, mkono wake nimeushika. Tulimzika karibu na baba. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi minane, umefungiwa huko, nikasema nitakuambia ukijifungua. Ulipojifungua nikasema ukipata nguvu. Baadaye nikawa sijui pa kuanzia, nikaendelea kukuandikia kwamba amekula vizuri, kwamba anamuulizia mjukuu. Nilitunga yote. Kwamba alikuombea, hilo halikuwa la kutunga. Alikuombea mpaka usiku wake wa mwisho.

Niliogopa uje uingie uani na mtoto mgongoni, ukimwita. Ndiyo maana nimemsihi dereva akukabidhi barua hii mkononi. Ukiona huwezi kuniangalia usoni, nitaelewa. Lakini Jumatatu nitakuwa pale kwenye kizuizi cha mpakani tangu asubuhi, nikikusubiri.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu. Kila barua niliifunga kwa salamu za mama. Hii ni salamu yangu peke yangu.

Ni mimi,
dada yako