Vimea vya Mwambani

Jumatano jioni

Na mimi ndiye mwalimu wa bayolojia!

Jana nilikwangua mwamba ulio nyuma ya nyumba, pale tunapoanika mbaazi. Ulikuwa umejaa vimea vilivyokauka, vimejikunja kama tumbaku kuukuu. Nikavikusanya nivichome. Mwaitu, mama wa mume wangu, akatoka jikoni akanishika mkono.

"Unachoma kitu kiko hai?"

Nilicheka. Majani yalikuwa yanavunjikavunjika vidoleni. Yeye hakucheka. Aliokota kimoja chenye mizizi, akakiweka kwenye bakuli la maji, akarudi kupepeta maharagwe yake.

Leo nimetoka shuleni nikakuta majani yamefunguka, ya kijani kabisa, laini kama mchicha. Siku moja tu! Nimevirudisha vingine vyote mwambani, kimoja kimoja, huku Mwaitu akinitazama. Afadhali angenicheka.

Shamba ndilo linaloninyima raha. Tulipanda kunde kwenye udongo mkavu, kama kila mwaka, tukitegemea mvua ifuate. Haijafuata. Mbegu nyingine hatuna. Kwa hivyo kila jioni nimekuwa nikifukua mbili tatu, nione kama zimeoza. Nilidhani ni siri yangu.

Nilipomaliza kazi ya mwambani nikachukua jembe niende shambani, Mwaitu akanipokea.

"Nimeona vile vishimo vyako. Sasa mvua ikija itakuta nini, kama umezifukua zote?"

Nimeingia ndani. Bakuli liko hapa dirishani, karibu na daftari.

Leo sijafukua hata moja.