Koti Ulilomvika Baba Yangu

Mpendwa Baba Mkubwa Thuận,

Natumaini Melbourne imekupokea vizuri, na binti yako amekupa kile chumba chenye dirisha la kaskazini ulichokuwa ukikidai kwenye simu mwezi mzima kabla hujasafiri. Nimesoma mahali kwamba upande huo wa chini wa dunia mambo yamepinduka, mwanga mtulivu wa wachoraji hutoka kusini. Nilijua hivyo hata kabla hujapanda ndege. Sikukwambia. Nilidhani utagundua mwenyewe ukifika. Yapo mambo mawili matatu ambayo sikukwambia, na hilo ndilo dogo kuliko yote.

Siku ya kwanza uliingia karakana yetu ya fremu pale Stafford, Texas, na picha nne zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Hukuuliza jina langu. Uliuliza umri.

"Miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Na baba yako?"

"Alishafariki. Angekuwa na sitini na tisa."

"Mimi sabini na mbili. Basi mimi ni bác."

Ukanieleza kwamba bác ni kaka mkubwa wa baba, na kwamba kwenu mtu hawezi hata kufungua mdomo kabla hajajua nani mkubwa na nani mdogo, maana hajui ajiite nani. Nikakwambia kwetu Muheza shida hiyo tunaimaliza kwa shikamoo moja tu. Nikakuamkia. Ukataka kujua maana yake, nikasema ndiyo hiyohiyo, nimekubali kwamba wewe ni mkubwa. Uliridhika sana. Ukasema, "Haya, sasa tunaweza kuzungumza habari za vioo."

Kazi yangu ni kukata vioo, na mkata vioo hana budi kuangalia kilicho chini ya kioo. Kila Jumamosi ulileta watu wako wa kwenye picha: wazee, vijana wachache, mama mmoja mwenye shingo ndefu. Sura zilikuwa mbalimbali. Lakini kila mwanamume alikuwa na koti la kijivu lenye ukosi mpana, na kifungo cha pili kimelegea kidogo kama kinataka kudondoka. Nilivumilia mpaka mwanamume wa saba.

"Bác, hawa wote wana fundi cherehani mmoja?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Wote wafu," ukasema. "Na wote wamevaa koti langu."

Hapo ndipo nilipoanza kukuchunguza, nakiri. Nilikuwa napita Bellaire Boulevard kila siku, naona maandishi yenu ya Kivietinamu yenye vijinukta juu na chini, nanunua samaki, narudi nyumbani. Nilikuwa nadhani nawajua. Kumbe nilikuwa nawajua samaki.

Ulinikaribisha kwako Alief, ukanionyesha kimeza cha mababu: picha, matunda, vijiti vya udi. Ulisema watu wengi waliikimbia nchi yenu kwa mashua bila hata picha moja, au waliondoka nayo ikaliwa na maji ya chumvi. Sasa siku ya kumbukumbu ya marehemu chakula kinaandaliwa, udi unawashwa, na mbele yake hakuna uso. "Unamkaribisha nani?" ukaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau picha. Kwa hiyo walikupigia simu wewe. Ulichora kutokana na picha zilizofifia, kutokana na mashavu ya wajukuu, kutokana na maneno tu. Udi ulipokwisha ukachukua pea kutoka mbele ya mama yako ukanipa. "Wameshakula. Sasa sisi." Nilijiuliza masheikh wa Muheza wangesemaje. Pea lilikuwa tamu.

Nilipenda kukusikiliza ukiwapanga wateja wako kwa mahali wanapoishi. "Wa Paris wanataka baba zao wawe wembamba. Wa Texas wanataka wanenepe. Wa Sydney wanataka meno. Wa Praha, wale walioenda kufanya kazi viwandani, hawataki kitu, wanataka tu afanane." Nikakuuliza, sasa Mvietnamu mwenyewe ni yupi kati ya hao? Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Yule anayepiga simu kulalamika kwamba pua si yenyewe."

Unamkumbuka msichana aliyeendesha gari asubuhi nzima kutoka Arlington? Ulimsemesha Kivietinamu, akakujibu Kiingereza, na mimi nikainamia kioo changu nisicheke, maana wanangu hunifanyia hivyohivyo kila siku. Alitaka bibi yake apakwe kucha nyekundu. "Alipaka wanawake wa Arlington kucha miaka thelathini," alisema, "zake hakuwahi." Ukamwambia picha ya kimezani inaishia kifuani, mikono haionekani. Akasema, "Basi mwinue mkono." Ulinuna wiki tatu. Ya nne ukaleta picha: bibi ameweka mkono kifuani kama anayeapa, kucha tano nyekundu.  Ulikaa muda mrefu ukiitazama kabla hujaniruhusu kuifunika kwa kioo.

Nadhani ni picha hiyo iliyonitia ujasiri wa kukuomba unichoree baba yangu.

Mama yangu alikuwa ameniambia kwenye simu, bila kulia, kama mtu anayeeleza habari za mvua: "Mwanangu, uso wa baba yako umeanza kunitoka. Sauti naisikia. Hata kikohozi chake nakisikia. Uso nikiutafuta haupo." Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Kilichobaki ni kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge, yenye picha ndogo kama stempu, na mhuri wa ofisi umempiga shavu la kushoto na nusu ya mdomo. Muheza wakati ule palikuwa na studio moja iliyokuwa na koti limetundikwa msumarini, kila mwanamume aliyetaka picha ya maana alilivaa dakika tano. Nusu ya wanaume wa mji wamevaa koti moja kwenye vyeti vyao. Nilipokusimulia hivyo ulifurahi, ukasema umepata ndugu wa kazi. Baba yangu hakuwahi kufika studio hiyo.

Ulinikalisha dirishani Jumamosi mbili. "Cheka. Si hivyo, hiyo ni ya kumchekea bosi. Cheka kama nyumbani." Ulichukua shavu langu ukamtibia baba. Kisha tukampigia mama video, wewe unauliza kwa Kiingereza chako, mimi nageuza kwa Kiswahili, mama anajibu, mimi nageuza tena. Kovu lilikuwa juu ya nyusi ipi? Kulia, alichomwa na mwiba wa mkonge. Masikio? Yamelala. Macho? Hapo mama alifumba yake kwanza, kisha akasema, "Moja lilikuwa linachelewa kufumba." Niligeuza. Ukaandika pembeni ya karatasi kwa maandishi yenu, mstari mrefu. Sijui uliandika nini. Bado nataka kujua.

Wiki mbili baadaye ukatuonyesha. Ulisimamisha karatasi mbele ya simu, na nikamwona mama anasogeza uso karibu na kioo cha simu yake mpaka nikawa naona paji la uso tu. Kisha akarudi nyuma.

"Nani kamvika hilo koti?"

"Ni fundi, mama. Ndiyo desturi yao."

"Mwambie amvue."

"Anasemaje?" ukaniuliza.

"Ngoja," nikakujibu. "Mama, ni heshima."

"Heshima gani! Kule mkongeni koti lilivaliwa na nyapara. Baba yako alirudi nyumbani kila siku ya Mungu ametukanwa na mtu mwenye koti. Leo unataka nimtundike nyapara ukutani kwangu nimwambie habari za asubuhi? Mvueni. Alikuwa na shati lake jeupe, kola nimeishona mimi."

Nilikugeuzia nusu. Nilisema mama anauliza kama inawezekana awe na shati tu.

Ulikasirika kwa upole, na upole wako unatisha kuliko kelele. Nikajaribu kujitetea. Mbona bibi wa Arlington alipewa kucha?

"Kumwongezea marehemu ni adabu," ukasema. "Kumpunguzia ni matusi."

Kisha ukanieleza jambo ambalo katika Jumamosi zote zile hukuwahi kulisema. Koti lile ulipewa na kanisa moja Fort Worth, wiki yako ya kwanza Marekani, likiwa kubwa kwako namba mbili. Ndilo koti lako la kwanza maishani. Na baba yako mwenyewe alizikwa na shati la kuazima, kisha baada ya wiki mwenye shati akaja kuliulizia. "Kwangu," ukasema, "hakuna anayepanda kimezani na shati tu. Hata baba wa Mwafrika."

Mama alikuwa bado yuko kwenye simu. "Anasemaje huyo mzee?"

Baba Mkubwa, hapa ndipo pa kukiri. Wewe hapa, mama kule, na njia pekee kati yenu ni ulimi wangu. Mkalimani mwaminifu angesema yote mawili, mkapigana mkamaliza. Mimi nilimwambia mama, "Anasema sawa, atamvua." Nikakugeukia wewe: "Mama anashukuru sana. Amekuelewa." Ulifurahi mpaka ukaongeza leso mfukoni. Katika wafu wako wote baba yangu ndiye wa kwanza kupata leso.

Niliikatia kioo mwenyewe. Dada Zuhura, nesi wa hapa Stafford ambaye ni wa kwetu, alikuwa anaenda nyumbani Desemba ile. Alilalamika hasa. "Kaka, uta-ship hiyo kitu! Nina mabegi mawili, yote yamejaa viatu vya watu. Na kioo je, kiki-break?" Nikamwambia kikivunjika uso utabaki. Akaibeba katikati ya mataulo. Wewe ulikuwa tayari unafunga mizigo ya Melbourne, na niliwasikia watu wawili dukani wakisema mzee Thuận anajisifu kwamba koti lake limefika Afrika kabla yake.

Mama aliifungua Januari, Zuhura akiwa ameshika simu ili nione. Nilitamani simu ikatike. Alifuta kioo kwa kiganja. Aliangalia macho kwanza, muda mrefu, na midomo yake ikawa inachezacheza bila sauti. Kisha akasema, si kwangu, "Ulikuwa wapi wewe?" Zuhura aliweka simu chini, nikabaki naangalia dari ya bati nasikia watu wawili wanalia.

Aliponyanyua simu tena, macho ya mama yalikuwa yameshafika kifuani.

"Ulisema amemvua."

"Ndiyo, mama."

"Na leso juu!"

Nikaeleza yote. Koti la kanisa, shati la kuazima, mwenye shati aliyekuja kuliulizia.  Mama alinyanyuka, akavua kile kitambaa cha kufuma kwenye mgongo wa kochi, akakitundika juu ya fremu kikafunika kuanzia kidevuni kwenda chini. Akasema haya sasa ni yeye. Nilidhani yameishia hapo.

Lakini mwezi uliopita Zuhura alipigiwa simu na mama kwa habari nyingine kabisa, na katikati mama akamwambia picha haipo upande wa kibla, ipo juu ya redio, na kile kitambaa hukivuta wageni wakija tu, maana wazee wa mkongeni hawawezi kuelewa. Wakiondoka anakitoa. "Tukiwa wawili simfuniki. Namwambia, hilo ni la mgeni wako, livae kwa adabu." Akaongeza: "Na yule mzee aambiwe. Aambiwe yote, hata la nyapara. Asije akafa anadhani nimelipenda siku ya kwanza."

Kwa hiyo nakwambia. Hakukushukuru siku ile, mimi ndiye niliyemshukurisha. Anakushukuru sasa, kwa uso, na lile jicho linalochelewa kufumba, ambalo anasema ulilipatia kuliko yeye alivyolikumbuka. Kuhusu koti anasema mkionana akhera mtamalizana huko wenyewe, bila mimi.

Ndiyo maana nimeiandika barua hii kwa Kiswahili, na sitaigeuza. Najua husomi. Melbourne haikosi Mtanzania au Mkenya au Mkongo wa kukusomea. Mtafute, mpe chai, mwulize umri kwanza. Safari hii maneno ya mama yakufikie bila kupita kwangu. Ukikasirika, kasirika yote, na unijibu kwa lugha yako. Nitatafuta mtu wa kunisomea huku Bellaire, na nitamwambia asipunguze kitu.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako,
yule wa vioo, Stafford